Kurudia mtihani wa leseni ya uuguzi: shajara ya kubadili majibu

14 Juni

Matokeo yametoka na mimi ni wa kurudia. Nimepungukiwa alama chache, zile chache zinazouma kuliko kuanguka moja kwa moja. Bila kufaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga hakuna usajili, bila usajili hakuna leseni, na bila leseni stashahada yangu ya NTA 6 ni karatasi ya kutunza kabatini. Hata kujitolea zahanati wanaulizia leseni kwanza. Kwa hiyo niko Mbagala, Dar es Salaam, asubuhi namsaidia mama mdogo dukani, mchana na usiku ni kitabu.

Ratiba ya kusoma sitaiweka hapa, kila aliyemaliza chuo anayo yake. Naandika jambo moja tu: umeshachagua jibu, umehamia swali la mbele, moyo unakurudisha nyuma, unafuta, unaweka lingine. Tulipotoka kwenye chumba cha mtihani, kila swali lililotajwa pale nje nilikuwa najiambia, "Hilo nililipata, nikabadilisha." Ushauri wa wenzangu wote ni mmoja: jibu la kwanza ndilo jibu, usiliguse. Naanza na huo.

Gharama mpaka sasa: kaunta buku ya kwaya mbili 3,500, kalamu za rangi mbili 1,000. Ada ya mtihani siihesabu, kila mtu ataiona kwenye ankara yake.

22 Juni: kanuni ya kutogusa

Nimekopi mitihani ya zamani ya chuo na maswali ya diskasheni kutoka kwa dada mmoja wa Tandika ambaye naye anarudia (kopi 6,000). Najipa saa mbili, maswali mia, simu nimemwachia mama mdogo dukani. Jibu likishawekwa, limewekwa.

Kanuni imeshindwa. Alama hazikupanda, na kwenye karatasi moja zilishuka. Nilipopitia makosa niliona mawili yaliyokuwa yanaokoleka kabisa.

La kwanza ni hesabu ya dripu. Mgonjwa apate mililita 1,000 kwa saa 8, seti (mrija wa dripu) inatoa matone 20 kwa mililita. Swali la juu yake lilikuwa na seti ya matone 15, nikaja nayo huku bila kujua. Nikapata 31, na 31 ipo kwenye machaguo. Jibu sahihi ni 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, inakuja 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa nililigundua nikiwa nimeshasogea mbele, lakini sheria niliyojiwekea ikanizuia kurudi. Mtunzi wa maswali anajua utateleza wapi, anakuandalia jibu la kosa lako kabisa: 31 kwa aliyetumia 15, 125 kwa aliyetumia seti ya matone 60. Kulikuta jibu lako kwenye orodha hakuthibitishi kitu.

La pili ni lile la "yote yafuatayo hufanyika kwa mtoto mara tu anapozaliwa, isipokuwa". Nikachagua kumkausha, maana ndicho kitu cha kwanza kufanya na macho yalishakimbilia hapo. Jibu ni kumwogesha, kwa sababu kuoga kunasubiri saa 24. Hapa nilichokosea ni kusoma, somo lenyewe nalijua. Mtu akikwambia jibu la kwanza huwa linatoka rohoni, mwambie langu lilitoka kwenye kuruka neno.

29 Juni

Nimesoma kwenye simu kuhusu utafiti wa Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller wa mwaka 2005, uliofanywa kwa wanafunzi wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walichukua karatasi 1,561 za mtihani wa katikati ya muhula na kutafuta alama za kufuta: majibu 3,291 yalikuwa yamebadilishwa. Asilimia 51 yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Asilimia 25 yalitoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa. Asilimia 23 yalitoka kosa moja kwenda lingine.

Yaani waliobadili walipata zaidi ya walivyopoteza, kwa mara mbili. Na bado wanafunzi wengi waliamini kinyume chake, kama tulivyoamini sisi pale nje. Maelezo yao yameniingia: ukibadili ukakosa, inauma, lilikuwa mkononi na ukalitupa mwenyewe, kwa hiyo unalikumbuka mwaka mzima. Ukiacha kubadili ukakosa, ni kosa kama makosa mengine, jioni umeshalisahau. Kumbukumbu inatunza hasara za aina moja tu.

Hapo nikajua orodha yangu ya "nililipata nikabadilisha" haifai kuwa ushahidi. Ilijiandika yenyewe, na iliandika upande mmoja. Ila sikuruka kwenda upande wa pili kwamba badili tu, utafaidika. Wale ni wanafunzi wa saikolojia, mimi ni mtu wa ukunga anayetetemeka. Asilimia 25 zao zinaweza kuwa 60 zangu. Inabidi nijihesabie mwenyewe.

6 Julai: daftari lenyewe

Sabasaba imeanza na Kilwa Road haipitiki. Wiki hii Maktaba Kuu pale Bibi Titi nimeisamehe, nauli na saa za kukaa kwenye foleni bora niziweke kwenye maswali. Nafanyia nyumbani, nyuma ya duka, kreti la soda ndiyo meza.

Kaunta buku nimeichora hivi: namba ya swali, jibu la kwanza, jibu la pili, sababu ya kubadili, matokeo. Sababu ni herufi moja:

S: nimesoma tena nikaona neno nililoliruka.
H: nimerudia hesabu ikatoka tofauti.
K: nimekumbuka kitu, mara nyingi kwa sababu swali la mbele limenikumbusha.
W: wasiwasi tu.

Herufi inaandikwa wakati ule ule wa kubadili, kwa kalamu nyekundu, kabla ya kusahihisha. Ukiandika baada ya kujua jibu utajipendelea, hakuna binadamu asiyejipendelea. Na jambo ambalo nililiongeza siku ya pili: maswali niliyoyatilia shaka nikayaacha nayo yanaandikwa, kwa mstari mtupu kwenye jibu la pili. Bila hayo unarudia kosa lile lile la kuhesabu upande mmoja.

20 Julai

Daftari limeanza kusema. H karibu yote ni faida. S faida kubwa. K nusu kwa nusu, na pale ilipoumiza nilikuwa nimekumbuka kitu cha kweli cha mada nyingine. W ni balaa tupu.

Mfano wa W, niuandike wote kwa sababu nadhani si wangu peke yangu. Mgonjwa anaongezewa damu, baada ya dakika chache anatetemeka, joto limepanda, analalamika kiuno. Ufanye nini kwanza? Niliweka: simamisha damu. Nikasogea. Baadaye sauti ikaanza: hatua ya kwanza ya mchakato wa uuguzi ni kuchunguza, mwalimu alisema usikimbilie kutenda kabla ya kuchunguza, na pale kwenye B kuna "pima vipimo muhimu vya mwili". Nikafuta. Nimekosa.

Mwalimu hakukosea. Ila swali lilishanifanyia uchunguzi. Kutetemeka, joto, kiuno, vyote nimepewa. Kilichobaki ni kutenda, na damu inayoendelea kuingia ndiyo inayoua. Unaisimamisha, unatunza mshipa kwa maji ya chumvi, unamwita daktari, na vipimo vinafuata. Kwa hiyo nimeandika ndani ya jalada la daftari: *je, swali limeshanipa majibu ya uchunguzi?* Likishanipa, "chunguza kwanza" ni mtego. Lisipokuwa limenipa kitu zaidi ya malalamiko ya mgonjwa, kuchunguza ni jibu zuri.

3 Agosti: W zinajikusanya

Nimepanga W zote kwa mada. Nilitegemea zitasambaa. Hazijasambaa: ni ukunga na dawa, na ndani ya ukunga ni kifafa cha mimba. Huko ndiko nabadili, narudisha, nabadili tena. Kumbe sehemu kubwa ya wasiwasi wangu haikuwa tabia. Sijui vizuri, basi. Nimetumia mwezi mzima kutafuta kanuni ya kutibu kitu ambacho dawa yake ni kusoma.

Swali lililonisumbua kuliko yote: mama alipewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Saa nne zimepita, dozi ya pili inakaribia. Anapumua mara 14 kwa dakika, refleksi ya goti ipo (ukiligonga, mguu unaruka), mkojo kwa saa nne ni mililita 100. Ufanye nini? Mara ya kwanza nilisema zuia dozi. Nikabadili: toa dozi. Nikarudisha. Nikabadili tena.

Nimempelekea jirani yetu, muuguzi mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya mtaa huu. Nikamwamkia, akaniitikia, akavaa miwani, akasoma swali lote bila haraka.

"Kumi na nne wewe unaionaje?"

"Naona ni kawaida, mama. Mtu mzima ni 12 mpaka 20."

"Mtu mzima gani? Huyu ana magnesiamu mwilini. Kwake kumi na sita ndiyo mlango. Chini ya hapo hupiti."

Hapo ndipo palikuwa na shida yangu yote. Nilikuwa na namba mbili kichwani, zote za kweli: 12 mpaka 20 ya mtu mzima wa kawaida, na 16 ya mama aliye kwenye magnesiamu. Kila nikisoma swali inakuja moja, nikirudi inakuja nyingine. Masharti ya kurudia dozi ni matatu na yote lazima yatimie: kupumua angalau 16 kwa dakika, refleksi ya goti iwepo, mkojo angalau mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Mama wa swali amekwama mawili, maana 100 gawa kwa 4 ni 25. Dozi inazuiwa, kalsiamu glukoneti, dawa ya kupinga magnesiamu, inawekwa karibu kwa ajili ya kupumua kukigoma: gramu 1, taratibu kwenye mshipa.

Kabla sijaondoka akaniuliza dozi ya kuanzia naichanganyaje. Nikaanza kukariri. Akanikatiza, "Sitaki shairi. Lete sindano." Nikaenda duka la dawa, sindano ya mililita 20 (500), nikarudi na chupa ya maji ya kunywa kuwa dawa na kikombe cha maji kuwa maji ya sindano. Dawa ni ya asilimia 50, kila mililita 2 ni gramu 1. Ya mshipa ni gramu 4, kwa hiyo vuta mililita 8, halafu vuta maji 12 juu yake, pistoni inasimama kwenye 20, na sasa umepata asilimia 20. Ya msuli ni gramu 5 kila tako, mililita 10 kila upande, hii haichanganywi na maji, inaongezwa lignokeini (ganzi) mililita 1 ya asilimia 2 kwa sababu inauma. Baadaye gramu 5 kila saa nne, ukibadilisha upande. Alinirudisha mara ya pili nilipovuta maji kwanza. "Ukianza na maji utafika ishirini hujui dawa iliyomo ni ngapi."

Tangu siku ile swali la magnesiamu nalifanya mara moja.

10 Agosti

Jana diskasheni Tandika, ukumbi wa kina dada wa ushonaji walituazima, tumechanga 1,000 kila mtu ya maji na umeme. Tumegombana kuhusu sentimita. Hatua amilifu ya uchungu, pale uchungu unapokolea, inaanza shingo ya kizazi ikifunguka nne au tano? Mimi nne, dada wa Tandika tano, na kila mmoja ana maandishi ya chuo.

Wote tuna haki yetu. Patografu (chati ya kufuatilia uchungu) tuliyoizoea ukutani inaanza kuchorwa kwenye 4. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya mwaka 2018 yanayosema hatua amilifu inaanza kwenye 5, na mwongozo wake wa kufuatilia uchungu wa mwaka 2020 unafuata hiyo 5. Kwa hiyo wasiwasi mwingine hautibiki kwa kusoma zaidi, kwa sababu unachosoma kinapingana chenyewe. Tulichokubaliana: usiamue kwa kichwa, amua kwa swali. Likitaja mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, liko kwenye patografu ya zamani, nenda na 4. Likitaja mwongozo mpya, nenda na 5. Lisipotaja kitu, tazama machaguo, mara nyingi namba moja tu kati ya hizo mbili ndiyo ipo.

Nimeanza kuandika migongano ya namna hii kwenye kadi za manila (manila 1,000, mkasi wa dukani), kila upande namba moja na chini yake inatumika wapi. Artesuneti ya malaria kali nayo imeingia: chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kilo 20 na kuendelea ni 2.4. Mtoto wa kilo 18 anapata 54. Ukitumia 2.4 unapata 43.2, na mtunzi ameshaiweka.

24 Agosti: daftari limeanza kudanganya

Hili sikulitegemea. Herufi W zimepungua sana, S zimeongezeka, nikafurahi. Halafu faida ya S ikaanza kushuka. Nimerudi kuzichunguza: nyingi si S. Ni W zilizovaa nguo. Kwa kuwa nilishajiwekea kwamba W hairuhusiwi kubadili, nikawa najitafutia sababu yoyote ipite.

Marekebisho: S haikubaliki mpaka nilizungushie duara neno lenyewe kwenye swali. H haikubaliki mpaka hesabu ya pili iwe imeandikwa pembeni. K inabidi niandike nilichokumbuka kwa maneno yasiyozidi matano. Nikishindwa kuzungushia, hesabu haipo, au maneno hayaji, jibu linabaki. Hakuna majadiliano.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso, unatazama jibu unaloliogopa na mkono hauruhusiwi. Lakini muda ulirudi. Zamani karatasi ilikuwa inaniishia nikiwa nazunguka kwenye maswali yale yale, sasa inabaki nafasi ya kupitia maswali yote ya "isipokuwa" na "kwanza" peke yake. Hayo napitia hata kama siyatilii shaka, kwa sababu daftari limeonyesha kwamba makosa yangu ya kuruka neno huwa nayafanya nikiwa na uhakika kabisa.

Dada wa Tandika yeye shida yake ni kinyume. Habadili kitu, anamaliza mapema, anaweka kalamu. Tulimwekea sheria tofauti: haruhusiwi kusimama mpaka amezungushia maneno ya kuamua kwenye kila swali la hesabu na la "isipokuwa". Kwake daftari la herufi lilikuwa mzigo bure, akaliacha. Ukitaka kuiga hii, jihesabu kwanza ujue uko upande gani.

14 Septemba

Mtihani umepita. Maswali siwezi kuyaandika na msiniulize. Nilibadili machache. Yote yalikuwa na neno au namba ya kuonyesha kidole. Kulikuwa na mawili ambayo moyo ulipiga kelele sana na sikuwa na neno la kuzungushia, nikayaacha, na mpaka leo sijui.

Nje watu walikusanyika kama kawaida kulinganisha. Nikasalimia, nikapanda daladala.

26 Oktoba

Nimefaulu, na dada wa Tandika amefaulu. Sasa ni usajili na leseni, huko ni nyaraka na malipo tu.

Gharama ya jumla nje ya ada: daftari na kalamu 4,500, kopi 6,000, manila 1,000, sindano 500, diskasheni na bando kama 20,000, nauli za kwenda Maktaba Kuu kabla na baada ya Sabasaba kama 15,000. Kilicholipa zaidi ni ile sindano ya 500.

Wadogo zetu wa chuo wameomba vifaa. Daftari siwapi, takwimu zangu hazitawasaidia, wachore lao. Kadi za ukunga ziko kwa dada wa Tandika, mnaweza kukopi. Za dawa ninazo mimi, isipokuwa ya artesuneti. Nimeichana naiandika upya, kwa sababu niliandika dozi ya kilo na nikasahau saa: ya kwanza mgonjwa akifika, ya pili saa 12 baadaye, ya tatu saa 24 tangu ile ya kwanza, halafu mara moja kwa siku. Subirini hiyo mpya.